Upande Mmoja wa Kila Doti

Jumatatu ile Eustace alirudi kutoka shuleni saa nane mchana, mapema kuliko alivyoniambia. Akavua viatu mlangoni, akakaa nje juu ya kinu nilichokuwa nimekilaza. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Sikumuuliza kitu. Mume wangu ukimuuliza mapema anakujibu "salama tu," halafu habari yenyewe inakaa tumboni mwake siku tatu.

Nilipofika kwenye chenga akasema, "Wamenicheka, Vestina."

"Wanafunzi?"

"Wanafunzi kucheka ni kazi yao. Mkuu wa shule alikuwa amesimama dirishani. Yeye hakucheka. Aliangalia saa tu."

Shule hiyo ilikuwa mpya, sekondari iliyojengwa kwa nguvu za wananchi, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Mwalimu wao wa baiolojia alikuwa amehama, na wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wanausogelea mtihani bila mtu wa kuwafundisha. Eustace alikuwa amemaliza kidato cha sita Tabora. Alama zake hazikumfikisha chuo kikuu, zikamrudisha Kasokola kulima mahindi ya baba yake miaka miwili. Hapo ndipo aliponioa. Tukahamia mjini, tukapanga chumba kimoja Makanyagio, nikapata kazi ya kukunja na kupanga nguo dukani kwa Mama Amira. Yeye alikuwa anabisha hodi kila ofisi. Hiyo shule ndiyo ya kwanza kumwitikia, ikamwita Jumatatu ile afundishe somo moja la majaribio.

"Amesemaje mkuu?" nikauliza.

Eustace akaigiza sauti ya Mwalimu Makoye, ile ya Kisukuma inayotoka kifuani. "Kijana, wamekusikia. Hawakukuelewa. Ijumaa uje urudie somo lile lile, darasa lile lile. Wakielewa tutaongea. Wasipoelewa tutaagana vizuri."

Nikaendelea kupepeta ingawa mchele ulikuwa umekwisha kuwa safi.

Sisi wawili tulijua kuagana vizuri maana yake nini. Kaka yake Gelasius alikuwa ameandika barua kutoka machimbo ya dhahabu Chunya, kwamba kuna nafasi kwenye shimo lake, aje. Tulikubaliana shule ikikataa, Eustace ataenda, na mimi nitarudi Katumba kwa wazazi wangu nikajifungulie huko. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Wazazi wangu walikuja kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, mimi nimezaliwa palepale kwenye makazi ya wakimbizi. Miaka ile kutoka Katumba kulitaka kibali, na kibali hakiandikwi kwa sababu umemkumbuka mumeo. Basi Chunya na Katumba vilikuwa mbali kuliko vinavyoonekana kwenye ramani.

"Somo lenyewe ni lipi?" nikamuuliza.

"Wewe hutaliweza. Ni la kidato cha nne."

"Nifundishe. Mimi nimeishia la saba. Nikielewa mimi, wao watashindwaje?"

Akaniangalia kama anayetaka kucheka, halafu hakucheka. Alichukua mkaa jikoni, akaanza kuandika nyuma ya mlango.

Ndivyo nilivyosoma baiolojia, nimekaa chini na ungo mapajani, na kuku wa jirani akisikiliza. Eustace alisema mwili wa mtu umejengwa kwa vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli. Ndani ya kila seli kuna nyuzi, zinaitwa kromosomu. Humo ndimo yameandikwa mambo yote ya mtu, kimo, nywele, umbo la pua. Seli ya ngozi ina kromosomu arobaini na sita. Ya ini, arobaini na sita. Ya ulimi, hivyo hivyo.

"Hata ya kidole cha mwisho cha mguu?"

"Hata hicho. Ukijikwaa ngozi ikachubuka, seli zinajinakili kwanza, ndipo zinagawanyika. Kila mpya inatoka na arobaini na sita zake kamili."

"Sawa. Na mtoto anatoka kwa baba na mama."

"Ndiyo."

"Baba arobaini na sita, mama arobaini na sita." Nilihesabu kwa vidole, siyo kwamba nilishindwa kichwani, nilitaka aone. "Huyu niliye naye tumboni ana tisini na mbili?"

Uso wake ukafunguka. Eustace akipata swali zuri anakuwa kama mtu aliyepewa maji. "Hilo hilo. Naye akizaa na mwenye tisini na mbili, mjukuu atakuwa na ngapi? Haiwezekani. Kwa hiyo seli za uzazi ni tofauti na za mwili. Yai la mama na mbegu ya baba, kila moja ina nusu. Ishirini na tatu. Zikikutana, arobaini na sita tena."

Alichota maharage kwenye sufuria niliyoloweka, akahesabu arobaini na sita, akayaweka kwenye ungo wangu. Halafu akahesabu ishirini na tatu akayavuta pembeni. "Hivi ndivyo nilivyowaonyesha."

"Umechukua yapi?"

"Nusu."

"Naona ni nusu. Nauliza yapi."

"Vestina, maharage ni maharage." Kisha akasema kitu kirefu kwa Kiingereza. Nikamwambia hicho nilichosikia sasa ndicho walichosikia wanafunzi darasani. Nikayarudisha maharage kwenye sufuria, maana ndiyo yalikuwa chakula chetu.

Kesho yake nilikuwa dukani. Wasichana wawili wa sekondari waliingia kununua sabuni, wakakawia kwenye kanga kama kawaida ya wasichana, wanashika pindo hili, wanasoma jina lile. Mmoja akamwambia mwenzake, "Ijumaa Mwalimu Maharage anakuja tena."

"Atakuja na mchele siku hiyo, tupike kabisa."

"Telesfori ndiye aliyempa hilo jina. Anasema yule mwalimu ametufundisha hesabu za chekechea kwa Kiingereza."

"Ila ana sura nzuri, maskini."

"Sura haifaulishi."

Mama Amira alikuwa nyuma ya kaunta. Alijua ni mume wangu anayesemwa. Aliwaambia, "Wanangu, sabuni mmeshapata, kanga zangu mziache zipumue." Walipotoka hakunitazama usoni, akaniambia tu, "Hao wakiolewa ndipo watajua kuwa na huruma."

Mama Amira jina lake ni Zubeda. Ni watu wa Tabora, walikuja Mpanda kwa biashara zamani. Wiki ile alikuwa na msiba uliokwisha arobaini. Mama yake mzazi alifariki Tabora, na dada yake mkubwa, Mama Naseeb, alikuja kwa treni na sanduku la marehemu ili wagawane. Hawakuwa na ndugu mwingine wa kike. Vitu vingine viligawanywa huko huko, zilibaki kanga.

Jumatano baada ya adhuhuri walifunga duka, wakatandika mkeka, wakafungua sanduku. Harufu ya udi ikajaa. Zilikuwa doti tisa, zote zimekatwa na kupindwa, zote zimevaliwa. Wote wawili wakaanza kulia kabla ya kugusa hata moja. Mama Naseeb akasema, "Vestina, tugawie wewe. Wewe si wa upande wowote, tena kazi yako ni kukunja."

Nilizikunja moja moja nikaziweka chungu moja. Doti tisa ni pande kumi na nane. Watu ni wawili. Nikahesabu pande tisa nikaziweka mbele ya Mama Naseeb, nikahesabu tisa nikaziweka mbele ya Mama Amira. Nilihesabu mara mbili. Hesabu ilikuwa sawasawa.

Mama Naseeb alizikunjua. Akakuta pande mbili za ile nyekundu ya maembe. Akatafuta nyingine. "Zubeda, ile ya kahawia iko wapi? Ile aliyonibebea Naseeb alipozaliwa?"

Mama Amira alikuwa ameishika. Alikuwa nazo pande zote mbili. "Iko huku."

"Ziko huko mbili, na mimi sina hata moja?"

"Na wewe si umechukua maembe yote? Hiyo alivaa siku ya ndoa yangu mimi. Wewe hata hukuwepo, ulikuwa Kigoma."

"Sikuchukua. Nimepewa."

"Haya, umepewa."

"Usinijibu hivyo, mimi mkubwa wako."

"Mkubwa, ndiyo. Ndiyo maana ulipewa jina la bibi na ng'ombe wa bibi."

Waliendelea hivyo mpaka wakafika kwenye ugomvi wa sufuria wa mwaka sitini na nane. Mimi nilikaa pembeni ya mkeka natamani kumezwa na sakafu. Nilisema, "Jamani, nimehesabu. Kila mtu ana tisa."

Mama Amira akageuka kwangu. Hakuwa na hasira na mimi, uso wake ulikuwa umechoka tu. "Mwanangu, hesabu yako haina kosa. Lakini doti haigawanywi kwa kuhesabu pande. Doti ni ndugu wawili. Unamchukua mmoja unampa huyu, mmoja unampa yule. Unakwenda kwenye doti nyingine, hivyo hivyo. Ukimaliza, kila mtu ana tisa, na hakuna kanga ya mama aliyoikosa."

Nilizikusanya zote nikaanza upya, mara hii nikazipanga kila moja na mwenzake. Kila doti upande mmoja huku, upande mmoja kule. Kwenye ile ya kahawia upande mmoja ulikuwa umeunguzwa na pasi ya mkaa pembeni, wakaanza tena kutazamana. Mama Naseeb akasema nifumbe macho nishike wowote. Nilishika ulioungua, ukamwangukia yeye. Akaubusu pale pale palipoungua. Walicheka, wakalia tena, lakini hicho kilikuwa kilio cha kukaa pamoja.

Mimi wakati huo sikuwa tena pale mkekani. Nilikuwa nauona ungo wangu na maharage ya Eustace.

Nilimkuta nyumbani anachora nyuma ya mlango, amekwisha kuchafuka mkaa mpaka shingoni. Nilimwambia, "Mwalimu, kosa lako ni la hesabu sahihi."

"Karibu nyumbani na wewe."

Nikamsimulia mkeka, sanduku, pande tisa na tisa, maembe na kahawia. Alipoacha kuchora nikajua ananisikia. Nikamwambia, "Ukitwaa maharage ishirini na tatu, yoyote, unaweza kumpa mtoto pande mbili za pua na usimpe upande hata mmoja wa masikio. Nusu ya hesabu utakuwa umempa, lakini siyo nusu ya mtu. Au naongea uongo?"

Alikaa chini. "Siyo uongo. Ziko jozi. Jozi ishirini na tatu. Ndicho nilichosema kwa Kiingereza."

"Maharage hayana jozi, Eustace. Harage halijui ndugu yake. Doti inamjua."

Aliangalia mikono yake. Halafu kiburi kikaingia, nilikiona kinavyoingia, kinaanzia kwenye nyusi. "Sasa mwanaume mzima nisimame mbele ya kidato cha nne na kanga begani? Jumatatu nilikuwa Mwalimu Maharage. Ijumaa nitaitwa nani, Bi Harusi?"

"Sijui watakuita nani. Nataka uitwe ukiwa hapa hapa Mpanda."

Alhamisi yote hakunijibu. Alikula, akashukuru, akaenda kisimani akaleta ndoo mbili bila kuombwa, jambo ambalo kwake ni barua ndefu. Sikumsukuma. Nimelelewa na baba mkimya, najua mtu wa namna hiyo ukimsukuma anakaa, ukimwacha anatembea. Ijumaa alfajiri, anafunga vifungo vya shati lake jeupe, akasema akiwa amenipa mgongo, "Hizo kanga tutazipata wapi?"

Mama Amira hakuuliza maswali mengi. Alitoa doti sita za kwake mwenyewe, akazifunga kwenye furushi. "Zisije na chaki," akasema. Mama Naseeb alikuwa anakunywa chai, akaongeza, "Zije na chaki, mradi zije na kazi."

Tulitembea naye mpaka shuleni, furushi kichwani kwangu. Njiani alitaka kulibeba yeye, tulipokaribia geti akalirudisha kichwani kwangu, tukacheka wote wawili, kicheko cha watu wanaoogopa.

Mwalimu Makoye alikuwa mlangoni mwa darasa na daftari lake. "Na huyu?"

"Mke wangu, mkuu. Amebeba vifaa."

"Vifaa vya baiolojia?"

"Ndiyo, mkuu."

Akaliangalia furushi, akaniangalia tumbo, akanionyesha benchi la nyuma karibu naye. Nilikaa. Darasa lilikuwa na wanafunzi kama thelathini. Niliwatambua wale wasichana wa sabuni, nao walinitambua. Mmoja akazika uso kwenye daftari.

Eustace alipofungua furushi, kicheko kilianzia nyuma kwa kijana mmoja mkubwa mwenye ndevu. Nikajua ndiye Telesfori. "Mwalimu, leo ni kitchen party?"

"Leo ni wewe na ndugu zako," Eustace akamjibu. "Njoo unishikie."

Aliita wanafunzi wanne mbele. Akawapanga na kanga mikononi, kila upande na mwenzake. Akaandika ubaoni kwamba doti hizi sita zinasimama badala ya ishirini na tatu, kwa kuwa Mpanda nzima haina mwenye kuazima doti ishirini na tatu. Wakacheka, ila sasa walicheka pamoja naye. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, yale tuliyosema nyumbani. Seli ya mwili ina doti zote kamili. Yai linachukua upande mmoja wa kila doti. Mbegu ya kiume nayo inachukua upande mmoja wa kila doti. Aliposema mbegu ya kiume darasa liligunaguna, naye sikio likamshika moto, lakini hakukimbilia Kiingereza. Alipomaliza, wale wanne waliziweka doti mezani wakarudi kukaa.

Vichwa viliinuka. Niliona kwa nyuma, shingo zinavyonyooka. Mwalimu Makoye alikuwa anaandika.

Hapo msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Eustace akamwita Athanasie. Alikuwa mwembamba, ana sauti ya mtu asiyekubali kirahisi.

"Mwalimu, mimi sijaelewa. Pande mbili za doti moja zinafanana kabisa. Kwa hiyo yai lichukue upande huu, lichukue ule, ni kitu kile kile. Mayai yote yatakuwa sawa na mbegu zote zitakuwa sawa. Basi watoto wote wa nyumba moja wawe sura moja. Mbona mimi na mdogo wangu hatufanani hata ukucha? Mama mmoja, baba mmoja."

"Kamuulize mama yako vizuri," mtu akasema nyuma, na darasa likaanguka kwa kicheko.

Athanasie hakucheka. Alikuwa anamsubiri Eustace. Eustace alifungua mdomo. Nikaona mkono wake unatafuta chaki, na nikajua anachotafuta ni lile neno refu la Kiingereza. Kalamu ya Mwalimu Makoye ilisimama.

Mimi sikujua jibu la kitabu. Nilijua tu kanga. Siku nilipoolewa, mdogo wangu wa Katumba na mimi tulinunua doti mbili, mji mmoja wa katikati, jina moja, ila moja nyekundu na moja ya bluu. Tukabadilishana upande mmoja mmoja, kama wafanyavyo wasichana wasiotaka kuachana. Ndizo nilizovaa asubuhi ile, nyekundu kiunoni, bluu nimejitanda.

Nikasimama. Nikajitandua ile ya bluu, nikafungua na nyekundu, nikabaki na gauni langu la mimba mbele ya watu thelathini, nikatembea mpaka mbele nikampa. "Mwalimu," nikasema, "labda doti yenyewe iko hivi."

Eustace akazishika, moja kila mkono. Akaziangalia kama vile hajawahi kuniona nazo. Kisha akageuka.

"Athanasie, hii ni doti au siyo doti?"

"Siyo. Rangi tofauti."

"Soma jina."

Akasoma moja, akasoma nyingine. "Jina moja."

"Tazama mji na pindo."

"Ni zile zile." Akafikiri. "Ni doti. Ila kila upande umetoka kwenye duka lake."

"Umetoka kwa mzazi wake," Eustace akasema. "Doti zangu mimi, kila moja, upande mmoja nilipewa na baba, mmoja nilipewa na mama. Jina moja, kwa mfano jina ni nywele. Rangi zaweza kutofautiana. Nikitengeneza mbegu, kwenye doti ya nywele nitatoa upande wa baba au wa mama?"

"Wowote."

"Kwenye doti ya pili?"

"Wowote. Siyo lazima ufuate wa kwanza." Akaziba mdomo kwa mkono, kisha akautoa. "Kwa hiyo mdogo wangu alipewa nyekundu nilipopewa bluu. Na mahali pengine kinyume chake. Hatufanani na bado baba ni yule yule."

"Mwambie huyo wa nyuma," Eustace akasema.

"Amesikia."

Mwalimu Makoye akasimama. Nilidhani amechoka. Akasema, "Telesfori. Hizo doti sita zilizo mezani ni mama. Nitengenezee yai."

Telesfori alikwaruza ndevu, akahesabu pande sita haraka, akazitupia begani. Akawa tayari kurudi kukaa.

"Umechukua njano zote mbili," Athanasie akamwambia, "na ya kijani hujaigusa. Mtoto wako atakosa masikio."

"Kwani lazima awe na masikio? Hata hivyo hatanisikiliza." Lakini akarudi. Akaiweka njano moja chini, akachukua kijani moja. Safari hii alikwenda doti kwa doti, anagusa kila moja kabla ya kuchukua. Nilipomwona anagusa hivyo nikarudi kwenye benchi langu, kwa kuwa nilijua ameelewa.

"Kwenye ngozi yako zipo ngapi?" Makoye akamuuliza.

"Arobaini na sita, mkuu."

"Kwenye mbegu?"

Watu wakaanza kucheka, Telesfori akawanyamazisha kwa mkono, kama mtu mzima kabisa. "Ishirini na tatu. Lakini siyo ishirini na tatu zozote. Upande mmoja wa kila doti. Zikikutana na za mwenzake, kila upande unapata ndugu, zinarudi arobaini na sita."

"Kaa."

Eustace aliutumia muda uliobaki kuwaandikia yote kwa Kiingereza, maana mtihani hautauliza kanga. Waliandika wakiuliza, na walipouliza walisema "doti" na kusahihishana wenyewe.

Kengele ilipolia Mwalimu Makoye alituita ofisini kwa walimu. Alikaa, akalifungua daftari lake, akalifunga. "Mwalimu Eustace, Jumatatu kipindi cha kwanza una kidato cha pili. Baada ya chakula, hawa hawa. Utakuja na barua yako ya maombi tuifanyie utaratibu na bodi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, wewe umesoma wapi?"

"Katumba, mkuu. La saba."

"Hm," akasema. Aliangalia dirishani kidogo. "Hizo kanga zenu mbili. Siku nyingine mnaweza kuniachia nizionyeshe kidato cha tatu?"

Nilisema sawa, ila ziwe zinarudi Jumapili, nina kanisa.

Tulitoka. Eustace alibeba furushi mwenyewe, kichwani, mpaka katikati ya Makanyagio, watu wakamsalimia kwa kumsanifu na yeye akawaitikia wote. Tulirudisha kanga dukani. Zilikuwa na chaki. Mama Amira aliitazama ile chaki, akaikung'uta kwa kiganja, halafu akampa Eustace mkono kama anavyompa mwanaume mwenzake wa biashara.

Nyumbani aliniletea karatasi na kalamu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na wake hausomeki. Alitaka tumwandikie Gelasius. Alitembea huku na huku chumbani akitunga: kwamba pamoja na salamu nyingi, kufuatia hali ilivyojitokeza, na kwa kuzingatia nafasi uliyonitunzia kwa moyo wa upendo...

Mimi nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikaandika:

"Shemeji Gelasius, salamu. Eustace haji Chunya. Amekuwa mwalimu. Nafasi yake mpe mwingine. Sisi tupo hapa wote watatu."

Akaisoma juu ya bega langu. Akachukua kalamu, akaweka sahihi yake pembeni ya jina langu, akakaa chini kunisaidia kuchambua maharage ya jioni.